Mashine ya leza ya kufuta tatuu: anza na ngozi ya mteja, si na karatasi ya muuzaji

Kijana aliyekaa kwenye kiti cha kliniki alikuwa amekunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko. Kwenye kigasha chake palikuwa na jina la msichana, herufi sita, na kila herufi ilisomeka vizuri. Wino ulikuwa umefifia kidogo tu, lakini ngozi iliyofuata mistari ya herufi ilikuwa imegeuka nyeupe, kana kwamba mtu alipitisha brashi ya chokaa juu yake. Alikuja kufutiwa jina. Sasa hata wino wote ungeondoka, jina lingebaki pale limeandikwa kwa weupe.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kukagua na kutengeneza mashine za kliniki, na siku hiyo niliitwa mtaa wa Kilimani, Nairobi, kuangalia mashine, si mkono. Lakini mkono ule ndio ulionieleza mahali pa kutazama. Nilifungua sanduku la vifaa nikakuta vichwa viwili vya kufungia mbele ya kishikio, vinafanana kama mapacha, kimoja cha 1064 na kingine cha 532, namba zenyewe zimechapwa kwa rangi iliyokwisha kubanduka nusu. Muuguzi alikuwa amefunga kile cha 532. Hakuna aliyemfundisha tofauti yake. Muuzaji alileta mashine, akaiwasha, akaonyesha kitufe cha kuongeza nguvu, akaondoka.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza, "Fundi, ninunue mashine gani ya kufuta tatuu?", namrudishia swali: wateja wako wana ngozi gani? Wengi hushangaa. Walitarajia nizungumzie bei, nguvu na nchi ilikotengenezwa. Hayo yote yana nafasi yake. Lakini vipeperushi vingi vya mashine hizi vimeandikwa na watu wenye picha ya ngozi nyeupe kichwani, na kliniki ya Nairobi ikivifuata neno kwa neno inaweza kutumia mamilioni kununua mashine inayowafaa watu wa kwingine.

Wino unakaa wapi

Sindano ya mchoraji hupenya ngozi ya juu na kuuacha wino kwenye ngozi ya ndani, milimita moja hadi mbili chini. Ngozi ya juu hujivua na kujijenga upya kila baada ya wiki chache, lakini wino haupo huko. Uko chini, ndani ya seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Seli hizo huumeza wino, lakini punje zake ni kubwa mno kumeng'enywa au kubebwa, kwa hiyo hubaki nazo. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa kutumia panya kwamba seli hizo zikifa huachia wino, na seli mpya zinazochukua nafasi yake huumeza tena palepale. Tatuu ya miaka arobaini inasomeka kwa sababu wino wake unapokezwa, kizazi cha seli hadi kizazi.

Kwa hiyo leza haifuti kitu. Inavunja punje za wino kuwa vumbi dogo, kisha mwili wenyewe, kupitia mishipa ya limfu na seli zile zile, hulibeba vumbi hilo kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Hapo ndipo penye sababu ya kumwambia mteja arudi baada ya wiki sita au nane. Kwa ngozi nyeusi, madaktari ninaofanya nao kazi husubiri hata zaidi, ili ngozi ipone kabisa kabla ya kupigwa tena. Kliniki inayompangia mteja kila baada ya wiki mbili inamuumiza bure, hata mashine iwe bora kiasi gani.

Kuvunja huko kunahitaji kasi. Pembezoni mwa jiji utawaona akina mama wakivunja kokoto. Hakuna anayelisukuma jiwe kwa nyundo polepole. Anapiga pigo moja kavu na jiwe linapasuka kabla ya kupata nafasi ya kusogea. Leza nayo ni hivyo. Nishati yake ikifika polepole, punje ya wino itapata joto, joto litavujia kwenye nyama iliyo jirani, na utakuwa umempikia mteja ngozi huku wino ukiwa mzima. Nishati ile ile ikifika kwa ghafla, punje hupasuka kabla joto halijatoka ndani yake. Rox Anderson na John Parrish wa Boston, Marekani, waliiandika kanuni hii mwaka 1983: chagua rangi ya mwanga inayonywewa na kile unachokilenga na kuachwa na jirani yake, kisha uipige kwa muda mfupi kuliko muda ambao kitu hicho huchukua kupoa.

Kwa punje ya wino, muda huo huhesabiwa kwa nanosekunde. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni moja ya sekunde. Mwanga, ambao hakuna kitu kinachoushinda kwa mbio, ndani ya nanosekunde moja husafiri sentimita 30 tu, urefu wa rula ya mwanafunzi. Pikosekunde ni sehemu ya elfu moja ya hiyo, na humo mwanga hausafiri hata nusu milimita.

Hapa hapa mtu anaweza kujiepusha na kosa la kwanza la ununuzi. Zipo mashine za mwanga wa mmweko, zile zinazoitwa IPL, ambazo hutumika kuondoa nywele. Mpigo wake huchukua milisekunde, yaani mara milioni moja zaidi ya nanosekunde. Kwa nywele zina kazi yake. Kwa tatuu huacha kovu. Ukiambiwa kuwa mashine moja ya mmweko inatoa nywele, chunusi na tatuu pia, muulize muuzaji mpigo wake ni wa muda gani, na akikosa jibu, funga mazungumzo.

Melanini imesimama mlangoni

Wino uko chini, na juu yake ipo melanini, ile rangi inayoifanya ngozi yetu iwe ilivyo. Mwanga wowote unaokwenda kwenye wino lazima upite kwa melanini kwanza, na melanini haibagui: inakunywa mwanga pia, ipate joto, iungue. Bahati yetu ni kwamba hainywi rangi zote kwa kiasi kimoja. Kila rangi ya mwanga ina urefu wake wa wimbi, na kadiri urefu huo unavyoongezeka, ndivyo melanini inavyouachia upite.

Sasa zitazame zile namba zilizokuwa kwenye vichwa viwili vya mashine ya Kilimani. Ni urefu wa wimbi kwa nanomita, sehemu za bilioni moja za mita. Mwanga wa 532 ni wa kijani, na melanini huunywa kwa pupa. Mwanga wa 694, unaotoka kwenye leza ya rubi, na ule wa 755 wa aleksandriti, ni mwekundu, nao hunywewa kwa wastani. Mwanga wa 1064 hauonekani kwa macho kabisa, na huo ndio melanini huusumbua kidogo kuliko yote. Kijana yule alipigwa kwa mwanga wa kijani juu ya tatuu nyeusi, kwenye ngozi nyeusi. Sehemu kubwa ya nishati iliishia mlangoni, seli zinazotengeneza rangi zikaungua, na wino ulipata masalio tu.

Kipo kipimo cha aina za ngozi ambacho kila muuzaji wa leza hukitaja, kipimo cha Fitzpatrick, kuanzia aina ya kwanza, nyeupe kabisa, hadi ya sita, nyeusi kabisa. Kilipoanzishwa mwaka 1975 kilizihusu ngozi nyeupe na namna zinavyoungua kwa jua. Aina ya tano na ya sita, yaani wateja wengi wa kliniki ya Nairobi, ziliongezwa baadaye. Ninakitaja kwa sababu historia hiyo ndiyo historia ya mashine zenyewe: nyingi zilibuniwa kwanza kwa ngozi ya aina ya pili, kisha zikaletwa kwetu na kijitabu kile kile cha vipimo. Ukipewa mashine yenye vipimo vilivyopangwa tayari kiwandani, uliza vipi kati yake vilijaribiwa kwenye aina ya tano na ya sita, na uombe kuonyeshwa picha.

Kuhusu rangi za wino, kanuni ni rahisi ukishaishika. Wino hunywa mwanga wa rangi iliyo kinyume na yake. Mweusi hunywa kila kitu, na kwa hiyo 1064 inautosha. Mwekundu hunywa kijani, kwa hiyo unahitaji 532. Kijani na buluu ya angani vinataka mwanga mwekundu, 694 au 755. Njano ni ngumu kwa karibu kila mashine. Ukiziangalia tatuu zinazoingia kwenye kliniki za hapa, jina la mpenzi wa zamani, msalaba, nyota tatu shingoni, nembo aliyochorwa mtu na rafiki yake shuleni kwa sindano na wino wa kalamu, nyingi mno ni nyeusi.

Ndiyo sababu ninasema bila kusitasita: kwa kliniki inayoanza Nairobi, mashine ya kwanza ni leza ya Nd:YAG (jina la fuwele inayotoa mwale wake) yenye 1064 iliyo safi na imara. Hiyo 532 huja nayo, maana ni mwale ule ule wa 1064 uliopitishwa kwenye fuwele inayoukata urefu wa wimbi katikati. Itumike kwa wino mwekundu peke yake, kwa kiwango cha chini, baada ya kujaribu doa dogo na kusubiri wiki kadhaa. Mteja mwenye joka la kijani mgongoni na ngozi ya aina ya sita aambiwe ukweli kwamba kijani hakitatoka kwa usalama hapa. Kumpoteza mteja huyo kunauma kwa siku moja. Kumwachia mabaka kunauma maisha yake yote.

Nyusi nataka nizitenge. Mtindo wa kuchora nyusi za kudumu umeenea mjini, na sasa wanawake wanarudi na nyusi zilizogeuka nyekundu au kijivu, wakitaka zitolewe. Wino wa nyusi na midomo, hasa wa kahawia, waridi na rangi ya ngozi, mara nyingi huwa na oksidi ya chuma au titani. Ukiupiga kwa leza, unaweza kubadilika papo hapo ukawa mweusi. Dada aliyekuja na nyusi za kahawia hafifu anatoka na mistari miwili kama ya makaa, na kuiondoa kutachukua miezi. Hili si kosa la mashine, na hakuna mashine ya bei yoyote inayolizuia. Dawa yake ni doa moja la majaribio, dogo kama punje ya mtama, mahali palipofichika, kabla ya kugusa kilichobaki.

Namba za kwenye kipeperushi

Daktari mmoja mwenye kliniki upande wa Westlands, hapa Nairobi, aliniomba nikae naye siku muuzaji alipokuja. Kijana alikuwa nadhifu, mwenye heshima, na alikuwa amekariri vizuri. "Daktari, hii ni pikosekunde, ina milijouli elfu mbili, inatoa rangi zote kwa ngozi zote, vipindi vitatu tu." Daktari akanigeukia: "Fundi, wewe unasemaje?" Nikaomba karatasi ya vipimo ya mashine, si kipeperushi. Kwenye ukurasa wa pili, kwa maandishi madogo, palikuwa na muda wa mpigo: nanosekunde sita hadi kumi.

Hiyo si pikosekunde. Mashine za pikosekunde za kweli hupiga kwa pikosekunde mia kadhaa, chini ya nanosekunde moja. Ya kwanza ya aina hiyo kuruhusiwa na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, kwa kazi ya tatuu iliruhusiwa mwaka 2012, na hadi leo mashine hizi ni za mamilioni ya shilingi. Ile ndogo ya kukaa mezani inayouzwa kwa laki moja au mbili huku imebandikwa neno "pico" ubavuni ni leza ya nanosekunde. Huenda hata ikawa nanosekunde ya wastani, na hilo si dhambi, mradi mtu auziwe kwa jina lake. Nilimwambia kijana hivyo kwa upole, maana naamini na yeye alikuwa amedanganywa na aliyemuuzia.

Je, pikosekunde ya kweli inastahili bei yake? Kwa wino wa rangi na kwa tatuu zilizogoma baada ya vipindi vingi, inasaidia. Kwa wino mweusi, nanosekunde nzuri ya 1064 mikononi mwa mtu aliyefunzwa bado inafanya kazi ya heshima. Na melanini haijali maneno: pikosekunde ya 755 bado ni 755. Ukiwa na fedha za pikosekunde, nunua ile yenye 1064 ya kweli.

Turudi kwenye milijouli, kipimo cha nishati ya kila mpigo, maana namba hii hudanganya hata ikiwa ya kweli. Ngozi haihisi nishati ya mpigo mzima. Inahisi nishati iliyoangukia kila sentimita ya mraba. Chukua mpigo wa milijouli 1000, yaani jouli moja. Ukiuelekeza kwenye doa la kipenyo cha milimita 4, eneo lake ni kama sentimita ya mraba 0.126, na ngozi inapokea karibu jouli 8 kwa kila sentimita ya mraba. Upanue mpigo huo huo hadi milimita 8, eneo linakuwa mara nne, na ngozi inapokea jouli 2. Namba kwenye skrini haikubadilika, lakini ngozi imepokea robo ya ilichopokea mwanzo. Muuguzi anayeangalia skrini bila kuangalia kipenyo anaendesha gari akitazama redio.

Doa pana lina faida yake, na hasa kwetu. Mwanga unapoingia ngozini hutawanyika. Mwale mwembamba hutawanyika haraka na kuishia juu, ilhali mwale mpana hufika chini zaidi ukiwa na nguvu. Kwa hiyo unataka mashine inayoweza kutoa doa la milimita 6 au 8 na bado ikawa na nishati ya kuvunja wino. Hapo ndipo milijouli nyingi za kweli zinapokuwa na maana, kwa ajili ya kupanua na si kwa ajili ya kuchoma. Nimesisitiza za kweli kwa sababu nimewahi kuweka kipima nishati mbele ya mashine ambayo skrini yake ilisema 1000 na kipima kikasoma chini ya nusu, kisha mpigo uliofuata ukaruka juu, kisha ukashuka. Kuna mashine za bei ya chini ambazo skrini yake haipimi mwale hata kidogo. Inaonyesha tu kiwango ulichobonyeza. Mwenye kliniki huzoea kupandisha, kupandisha, hadi siku anapobadilisha taa ya ndani, ile inayoipa leza nguvu yake, nguvu zikarudi zote kwa ghafla, na mteja wa asubuhi hiyo akawa ndiye wa kuungua.

Kuna jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya kabla ya kulipa. Nenda saiba, mwambie akuchapie ukurasa mzima mweusi tii kwa printa ya leza. Poda ya printa hiyo ina kaboni, sawa na wino mweusi wa tatuu. Vaa miwani, kila mtu chumbani avae, weka karatasi juu ya mbao isiyong'aa, kisha muombe muuzaji apige mara kumi kwa nishati ya chini, pigo moja moja, mahali tofauti. Kila pigo litang'oa poda na kuacha duara jeupe. Yatazame maduara hayo kwa makini. Mashine nzuri huacha maduara kumi yaliyo sawa, meupe sare kutoka katikati hadi ukingoni. Niliyoyaona kwenye mashine moja niliyoletewa karakanani yalikuwa kama mwezi mchanga: upande mmoja karatasi imetoboka, upande wa pili weusi haujaguswa. Fikiria karatasi hiyo ni ngozi. Wastani wa nishati unaweza kuwa sahihi kabisa, lakini ile sehemu iliyotoboka ndiyo itakayotoka lengelenge, na kwa mtu mwenye asili ya keloidi, lengelenge ni mwanzo wa kovu litakalovimba kupita jeraha lenyewe.

Usawa wa mwale hutegemea jinsi mashine ilivyojengwa. Zile kubwa za kusimama chini huwa na fuwele ya leza ndani ya kabati, na mwale hupita kwenye mkono wenye viungo na vioo hadi kwa mtumiaji. Zile ndogo hubeba fuwele na taa ndani ya kishikio chenyewe, ndiyo maana kishikio ni kizito na hupata joto. Ya kwanza hutoa mwale ulio tulivu zaidi, lakini vioo vyake vinaweza kuyumba ikisafirishwa vibaya, kwa hiyo lazima ikaguliwe baada ya kila kuhamishwa. Kwa kliniki inayotaka kufanya kazi hii kwa miaka, mimi huchagua ya mkono wenye vioo.

Vyeti, macho, maji na umeme

Kuhusu vyeti, kwa ufupi. Alama ya CE, ile ya soko la Ulaya, kwenye leza ya matibabu lazima ifuatwe na namba ya tarakimu nne ya taasisi iliyokagua. Alama tupu isiyo na namba haitoshi kwa kifaa cha aina hii. Karatasi yenye nembo ya tai inayosema kampuni "imesajiliwa FDA" haimaanishi mashine imeruhusiwa, na FDA yenyewe haitoi vyeti vya usajili wa namna hiyo. Uliza namba ya idhini ya mashine, kisha uitafute kwenye tovuti yao, ni bure. Hapa nyumbani, vifaa tiba viko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu, na leseni ya kituo hutoka KMPDC, baraza linalosimamia madaktari. Wasiliana na ofisi hizo kabla ya kuagiza, wala si mzigo ukiwa umekwama uwanja wa ndege.

Macho nitayasemea zaidi, kwa sababu madhara yake hayarudi nyuma. Mwanga wa 1064 hauonekani. Ukiingia jichoni, hata kwa kurudishwa na saa ya mkononi au pete, lenzi ya jicho huukusanya kwenye retina na kuichoma. Huenda mtu asisikie maumivu. Atagundua tu kwamba katikati ya anachokitazama pana doa lisiloonyesha kitu. Miwani sahihi imechapwa juu yake urefu wa mawimbi inayokinga na kiwango cha kukinga, kwa herufi OD na namba. Lazima itaje 1064 na 532 zote mbili, na kiwango kilingane na nguvu ya mashine yako. Miwani ya plastiki ya kijani isiyo na maandishi, ambayo huja bure ndani ya boksi, iache humo. Mteja anayefutwa nyusi huwekewa vikombe vya chuma juu ya jicho, chini ya kope, na hiyo ni kazi ya daktari. Na chumba chenyewe: kliniki zetu zinapenda vioo vikubwa na milango ya vioo, inapendeza, lakini miale hii hupita kwenye kioo cha kawaida na hudunda kwenye kioo cha kujitazamia. Chumba cha leza kiwe na mlango wa mbao, bila kioo ukutani, na mlango ufungwe kazi ikiendelea.

Maji ya kupoza mashine yawe yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke. Ya bomba yana madini, ya kisima cha Nairobi yana madini zaidi, nayo huganda kwenye taa na fuwele na kupitisha umeme mahali usipotakiwa. Nimefungua mashine ya mwaka mmoja nikakuta ndani pameota magamba kama birika la zamani. Umeme nao ukatikapo, pampu ya maji husimama wakati taa bado ina moto, na unaporudi huja kwa kishindo. Kidhibiti cha volti na betri ya kushikilia kwa dakika chache ni sehemu ya bei ya mashine, viweke kwenye bajeti mapema. Anayenunua mashine iliyotumika kutoka Marekani ahakikishe kwanza kuwa inakubali volti 240 na hezi 50 zetu.

Miaka miwili na mteja mmoja

Mwaka 2009 madaktari wa Marekani walichapisha kipimo cha kukadiria vipindi, kipimo cha Kirby-Desai. Unajumlisha alama za aina ya ngozi, mahali tatuu ilipo, rangi, wingi wa wino, kovu, na kama imechorwa juu ya nyingine. Jumla inakaribia idadi ya vipindi. Mchukue kijana wa aina ya tano, alama 5. Kigasha, ambacho kiko mbali na moyo na husafishwa polepole na mwili, alama 5. Wino mweusi peke yake, alama 1. Wino kidogo, alama 2. Hakuna kovu, haikuchorwa juu ya nyingine. Jumla ni 13. Vipindi kumi na vitatu, kila baada ya wiki nane, ni miaka miwili.

Namba hiyo ninataka kila mnunuzi aitafakari kabla ya kutia saini. "Vipindi vitatu tu" vya muuzaji vimekwisha hapo. Mteja atakayeanza Januari atakuwa nawe miaka miwili, naye atakuwa amelipa nusu mashine itakapokufa katikati. Kwa hiyo maswali yangu mengi kwa muuzaji hayahusu mwale tena. Taa ya ndani hudumu mipigo mingapi, na mpya inagharimu kiasi gani? Iko Nairobi au inaagizwa? Nani anakuja kupima nishati kila baada ya miezi sita, na ana kipima? Mashine ikilala, nitapewa nyingine ya kushikilia? Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Mashine ya bei ya kati yenye fundi aliye safari ya matatu moja kutoka kwako ni bora kuliko ya kifahari ambayo mtu wake yuko ng'ambo na hapokei simu.

Daktari wa Westlands hakununua ile ya "pico". Alisubiri miezi minne, akapata Nd:YAG ya nanosekunde yenye mkono wa vioo, akawapeleka wauguzi wawili mafunzoni kabla mashine haijafika. Kila Jumatatu asubuhi hupiga maduara kumi kwenye karatasi nyeusi, huandika tarehe pembeni na kuiweka kwenye faili. Nikienda kukagua, faili hilo ndilo ninaloomba kwanza. Karatasi ya mwezi wa tano ilionyesha duara lenye kivuli upande mmoja. Ilikuwa lenzi tu, imechafuka kwa vipande vya ngozi vinavyoruka, tukaifuta na kazi ikaendelea kabla mteja yeyote hajaguswa.

Kijana wa Kilimani naye niliwahi kumwona tena, takriban mwaka mmoja baadaye. Daktari alikuwa amesimamisha leza kabisa ili ngozi ipumzike. Alinyoosha mkono mwenyewe bila kuombwa. Kwenye herufi mbili za kwanza, kuzunguka kila kinyweleo, vilikuwa vimeanza kuchomoza vidoti vya kahawia. Nne zilizobaki zilikuwa bado nyeupe.